Mti wa persimoni nyuma ya zizi

Mtoto wa wifi yangu aliliuma tunda mara moja tu, akabaki kinywa wazi. Hakulia. Alitoa ulimi nje akaupangusa kwa kiganja, halafu kwa upindo wa gauni, kana kwamba sufi imemganda pale na haitoki. Shemeji alikuwa mlangoni mwa zizi na panga mkononi. Akasema bila hata kugeuka: "Si niliwaambia? Mti huu hauna kazi. Mvua zikikatika naukata."

Ilikuwa masika, nyumbani kwa mume wangu, Lushoto. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Mti wenyewe uko nyuma ya zizi, majani mapana yanayong'aa, matawi yameinama kwa matunda ya rangi ya chungwa iliyokolea. Kila tunda limevaa juu kifuniko cha vipande vinne vikavu, vigumu, vilivyojikunja pembeni. Anayeuona kwa mara ya kwanza hatakubali kwamba nyumba hii haijawahi kula tunda lake hata moja.

Lakini ndivyo ilivyo. Mama mkwe anasema mche uliletwa na padri mmoja, yeye akiwa bado mke mgeni pale nyumbani. Marehemu baba mkwe akaupanda, akauwekea samadi, akaungoja. Ulipozaa, wakaonja, wakatema. Kila kizazi cha watoto wa boma lile kimeonja na kutema. Matunda yakaachiwa ndege na popo.

Mimi tunda lile nilikuwa nimeshaliona, dukani Dar es Salaam, limefungwa moja moja kwenye karatasi laini, kwa bei ya kushtua. Ni persimoni. Wataalamu wanaiita Diospyros kaki, asili yake Uchina, na Japani na Korea wameilima kwa karne nyingi.

Niliteremka kurudi Tanga mjini nikiwa na swali ambalo wiki nyingi baadaye lilikuwa halijaniacha. Watu wa mataifa yale hawakula sufi karne zote hizo. Kuna kitu wanakijua ambacho kwetu hakikufika.

Kinachokausha kinywa

Sisi wa pwani ukakasi tunaujua tangu utotoni, kwa bibo. Bibo lililoiva linanukia njia nzima. Unalifyonza, maji matamu yanateremka, kisha koo linakunjamana. Mkorosho nao ulikuwa mgeni. Wareno waliutoa Brazili wakauleta kwenye mwambao huu katika karne ya 16. Ila umekaa nasi muda wa kutosha, watu wakajua bibo lichumwe lini, lipakwe chumvi vipi, likamuliwe namna gani, na korosho ichomwe wapi ili mafuta ya ganda yasimuunguze mtu.

Persimoni mbichi inalishinda bibo kwa mbali.

Kinachofanya hivyo ni tanini. Ndani ya nyama ya tunda mna chembe kubwa zilizojaa tanini inayoyeyuka. Meno yakizipasua, tanini inayakamata mate na kushikana na protini zake. Protini hizo ndizo zinazofanya kinywa kiteleze. Zikishanyakuliwa, ulimi unabaki unajisugua kwenye kaakaa kavu. Kwa upande wa mti, hiyo ni kinga: mnyama asiliguse tunda kabla mbegu hazijakomaa.

Ziko persimoni zisizo na taabu hii. Aina ya Fuyu, ile bapa, inaliwa ikiwa bado ngumu, unaikata vipande na kuila hapo hapo. Aina za mfano wa Hachiya, zilizochongoka kwa chini, hazikubali haraka. Ya kwetu imechongoka.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni kwamba tunda likiiva tanini haiondoki. Imo vile vile. Tunda linapolainika linatengeneza ndani yake kitu kiitwacho asetaldehidi, na hicho kinazifunga tanini pamoja, zikawa mafungu makubwa yasiyoyeyuka kwenye mate. Unazila zote, na ulimi hauna habari. Kwa hiyo mtoto yule na mla persimoni wa Kyoto wanaweza kuwa wamekula kitu kimoja, kwa siku tofauti.

Wajapani hata tanini yenyewe hawakuitupa. Huyaponda matunda mabichi, huchachusha maji yake na kuyaweka yakomae muda mrefu, wakapata kakishibu, maji ya rangi ya kahawia ambayo walipaka karatasi, mbao, nguo na nyavu za kuvulia zisioze upesi. Hapo nilisimama kidogo. Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi wa Tongoni, na kabla ya nailoni kuenea, nyavu za pamba zilitiwa maji ya magome ya mikoko yaliyochemshwa, kwa sababu hiyo hiyo. Tanini ya mikoko na tanini ya persimoni, bahari mbili, kazi moja. Hakuna aliyemfundisha mwenzake.

Pipa la ndizi

Nilipojua kwamba dawa ni kuliacha tunda liive hadi lilegee kabisa, nilidhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Matunda yakiachwa mtini mpaka yalegee, ndege wanayatangulia. Yakianguka, yanapasuka. Yachumwe yangali magumu, kisha yaiviwe ndani.

Vitabuni njia ni nyingi. Japani na Uchina huyaloweka kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha. Wengine huyanyunyizia pombe kali na kuyafungia. Wengine huyamenya na kuyaning'iniza kwa uzi kwenye upenu, na yakianza kunyauka huyaminyaminya kwa vidole siku baada ya siku, mpaka sukari inatoka yenyewe na kuyafunika kwa unga mweupe. Kwa Lushoto ya masika, yenye unyevu ule, nikaona njia ya kukausha itatuletea ukungu tu. Na njia nyepesi kuliko zote ilikuwa sentensi moja fupi: yaweke pamoja na ndizi zinazoiva.

Ndizi!

Hakuna boma la Kisambaa lisilojua kuvundika ndizi. Nikampigia mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Wajukuu zangu?"

"Hawajambo, wanakusalimu. Mama, ndizi siku hizi mnavundikia wapi?"

"Pale pale stoo, kwenye pipa. Unataka nikutumie?"

"Nataka uchume yale matunda ya padri, yaliyo mekundu lakini bado magumu, uyatie humo pamoja na ndizi."

Akanyamaza. Kisha akasema, kwa upole wa mtu anayemwonea huruma mkwewe: "Yataniharibia ndizi, mwanangu. Yale si chakula."

Nilimwelewa. Ni yeye aliyeonja wa kwanza, miaka hiyo. Ningetaka amwamini nani, ulimi wake au simu yangu? Kuna namna ya kuwafundisha wazee ambayo ni utovu wa adabu hata kama unachosema ni kweli, na niliogopa kuwa naikaribia. Nikamwambia atie machache tu, chini kabisa, na yakiharibu ndizi mkungu utakaofuata ni juu yangu.

Sayansi yake ni ndogo. Ndizi inapoiva hutoa hewa iitwayo ethilini, na ethilini huyaambia matunda ya jirani yaive nayo. Mabibi zetu waliofukia ndizi shimoni, wakazifunika kwa migomba na kuzitia joto la moto, walikuwa wanaikusanya hewa hiyo isipotee. Hawakuhitaji jina lake.

Nilipopanda tena Lushoto, mama mkwe alikuwa ameshayatoa. Aliyapanga kwenye sinia, kila moja limekaa kwa kifuniko chake, kichwa chini. Yalikuwa yamebadilika kabisa. Ngozi imekuwa nyembamba hivi kwamba ukilishika tunda dhidi ya dirisha unaona mwanga unapenya, na ndani yake mishipa myeupe iliyotoka kwenye kikonyo. Ukiligusa linabonyea na halirudi. Mtu asiyejua angesema yameoza, na naamini ndivyo miaka yote hiyo yalivyohukumiwa: yakiwa magumu yanakausha kinywa, yakiwa laini yanaonekana mabovu. Hapakubaki siku hata moja ya kuyaonja kwa haki.

Nililikata la kwanza kwa juu, nikachota kwa kijiko. Nyama yake ni rojo zito, tamu tupu, haina uchachu hata kidogo, na harufu yake ni hafifu sana. Nikampa mama. Alikula kijiko kimoja, akakaa nacho mdomoni, akingoja ukakasi uje.

Haukuja.

Alimaliza tunda zima bila kusema neno. Kisha akaweka kijiko kwenye sinia na kusema: "Mzee kafa hajayajua."

Kabla sijaendelea, kuna jambo la afya ambalo ningependa lisomwe na kila mwenye mti huu nyumbani. Usiwaache watoto wayale mabichi mengi kwa ushindani, hasa wakiwa na njaa. Tanini ile ikifika tumboni kwa wingi inaweza kuganda pamoja na nyuzinyuzi za tunda ikawa donge gumu kama jiwe, na madonge hayo yamewahi kuwapeleka watu kwenye chumba cha upasuaji. Ngojea lilegee.

Mche ulisafiri peke yake

Kauli ile ya mama mkwe ndiyo iliyonifanya nikae kuandika.

Mkoa wetu umejaa miti iliyotoka mbali. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Ilitumwa elfu moja, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 yalizaliwa mashamba yaliyokuja kuifanya Tanganyika ya kwanza duniani kwa mkonge. Lakini mkonge haukuja peke yake. Nyuma yake zilikuja mashine za kutoa singa, reli, mameneja na vitabu vya hesabu. Kulikuwa na kampuni zilizotaka nyuzi, kwa hiyo kila mtu alielezwa jani likatwe lini na vipi, na wengi walielezwa kwa kiboko.

Mwaka 1902 Wajerumani hao hao walianzisha kituo cha utafiti Amani, Usambara Mashariki. Waliijaribu pale miti ya mabara yote: mpira, mkwinini, viungo, miti ya mbao, matunda. Baadhi ilishika, ikatoka bustanini na kuingia msituni, na leo watu wa Amani wanaishi nayo wakijua tu kwamba haikuwa ya hapa.

Tunda la nyumbani halikuwa na kampuni. Padri alileta mche, pengine kwa upendo wa kweli, pengine akakusudia kurudi kueleza. Baba mkwe aliupokea kwa heshima akaulea. Yule aliyejua kula na yule aliyejua kulea hawakukutana tena, na kati yao tunda likawa laana ndogo ya familia. Kwa muda mrefu nilidhani kosa la mimea ya kigeni ni kwamba inaletwa bila kuulizwa wenyeji. Hilo lipo. Sasa naona na la pili: mche unaweza kupokelewa vizuri kabisa, ukapewa samadi na nafasi, na bado usiwe na faida kwa sababu sentensi moja haikusemwa.

Nagasaki walifanya kinyume. Bomu la atomiki lilipoanguka tarehe 9 Agosti 1945, kulikuwa na mti wa persimoni ulioungua na kusalia. Mwaka 1994 daktari wa miti, Masayuki Ebinuma, aliutibu na kuotesha miche kutokana nao, akaanza kuwapa watoto waliotembelea mji. Msanii Tatsuo Miyajima akajiunga naye, na mwaka 1996 mche wa kwanza wa mradi wao ukapandwa kwenye shule ya zamani jijini Tokyo. Tangu hapo wametuma miche nchi nyingi, na kila unapopandwa watoto wa mahali hapo hushiriki na husimuliwa umetoka wapi. Mche na habari zake hutembea pamoja.

Laiti ule wa Lushoto ungekuja hivyo.

Hoja ya shemeji

Nisimwonee shemeji. Alilila tunda lile, akakiri ni tamu, na bado anataka kuukata mti. Ana sababu.

Pale nyuma ya zizi ndipo penye udongo mzuri, samadi inatiririka yenyewe. Parachichi la Hass lina mnunuzi. Anakuja na gari, anapima, analipa. Persimoni iliyolegea utaipeleka wapi? Barabara ya kuteremka Soni hadi Mombo ina kona ambazo hata nyanya ngumu zinafika zimechubuka. Tunda linalopasuka kwa kuguswa na kidole litafika Mombo likiwa uji ndani ya tenga. Nilijaribu kumjibu nikakosa.

Baadaye nikasoma habari za Valencia, Hispania. Huko wakulima wa aina iitwayo Rojo Brillante walikuwa na tatizo hilo hilo: tunda tamu likiwa laini tu, halisafiri. Wakaanza kuyafungia matunda magumu kwenye vyumba vilivyojazwa hewa ya kaboni dioksaidi kwa muda wa kama siku moja. Tunda likikosa oksijeni linatengeneza ile asetaldehidi kabla ya wakati, ukakasi unafungwa, na nyama inabaki ngumu. Likaweza kupakiwa na kuvuka mipaka, na kilimo chake kikapanuka sana.

Nilimweleza shemeji. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Hicho chumba cha hewa kiko wapi, shemeji?"

Hakipo, na sitajifanya kwamba kinakuja. Ninachoamini ni kwamba si kila mti wa uani lazima upande gari. Boma hilo hilo lina mti wa matunda damu ambao haujawahi kuuza hata tunda moja na hakuna anayeutishia panga, kwa sababu watoto wanaupenda. Persimoni imenyimwa upendeleo huo kwa kuwa haikuwahi kupendwa na mtu. Sasa imepata watu. Mama mkwe ameweka sinia lake kando kwenye stoo, na majirani wameanza kuulizia yale "mabovu matamu".

Nikakumbuka na jambo la mbao, ambalo lilimfanya shemeji angalau ashushe panga. Persimoni ni ya ukoo wa Diospyros, ukoo unaotoa mbao nyeusi za abenusi, ile ya Sri Lanka na ile ya Kamerun inayotumika kwenye shingo za magita. Mpingo wetu ambao wachongaji wanauita hivyo hivyo kwa wageni si wa ukoo huo kabisa. Huo ni ndugu wa kunde na mharage. Misitu yetu ina miti ya ukoo wa Diospyros pia, na matunda ya baadhi yao yanaliwa. Simwambii auchonge. Nilitaka tu ajue anayetaka kumgeuza kuni ni nani.

Machipukizi

Kinachonitia haraka ni kitu nilichokiona nilipokuwa nakula tunda la pili. Halikuwa na kokwa. La tatu hivyo hivyo. Nikapasua na mengine: nyama tupu.

Aina nyingi za persimoni huzaa bila kuchavushwa, na tunda la namna hiyo halina mbegu. Ndege na popo wa Lushoto wamekula matunda ya mti ule miaka yote bila kupanda hata mmoja. Ndiyo maana hakuna mwingine jirani. Ukikatwa, hakuna cha kuokota chini.

Njia iliyobaki ni kubebesha, yaani kuunga kijiti cha mti huu kwenye shina la mwingine. Nimezungumza na kijana wa Muheza anayebebesha michungwa, mkono wake naujua. Alisema vikonyo si tatizo, vitakatwa kwenye baridi ya Juni na Julai mti ukiwa umepukutisha majani na umelala. Tatizo ni shina la kubebeshea. Persimoni haipokelewi na mchungwa wala mparachichi. Inataka ndugu yake wa karibu. Mbegu za ndugu huyo tungezipata wapi?

Nilikaa na swali hilo hadi wifi aliponitumia picha ya watoto chini ya mti. Nyuma yao, pembeni ya shina, yalionekana machipukizi yanayotoka mizizini, yale ambayo shemeji huyafyeka kila mwaka akisafisha zizi.

Kama padri alileta mche uliobebeshwa, machipukizi hayo ni ya shina la chini, lile lile ambalo limeubeba mti huu miaka yote bila kuukataa. Kama haukubebeshwa, basi ni persimoni yenyewe. Kwa vyovyote vile yanafaa. Kijana wa Muheza ameiangalia picha, akaikuza, akasema tuyachimbe na mizizi yake, tuyatie kwenye viriba, tuyaweke kivulini yashike kabla ya baridi.

Nimemwomba shemeji jambo moja, na amekubali: mwaka huu asifyeke.